Programu Iliyouliza Saa

Wakati wa vita nilikuwa na kazi ya ajabu pale Butembo, mashariki mwa Congo: kuwaambia watu setilaiti itapita saa ngapi. Ilikuwa setilaiti ndogo iliyobeba barua za vituo vya afya. Ikipita juu ya kijiji, muuguzi alikuwa na dakika chache tu za kuirushia barua yake. Ikifika juu yetu, tunaipokea. Ukikosea saa, unamaliza betri bure.

Programu ya kwanza niliiandikia Butembo. Beni walipotaka yao, nikanakili ile ile na kubadili tarakimu za mahali. Luofu hivyo hivyo, Manguredjipa hivyo hivyo. Kyavinyonge walinisumbua, maana wauza samaki wale wanafuata saa ya Uganda, ng'ambo ya ziwa, iliyotangulia yetu kwa saa moja. Nikaiongeza humo humo ndani. Kosa likionekana katika programu moja, nalisaka katika zote. Nilikuwa kama mwanamke anayejenga jiko jipya kwa kila sufuria, na bado najisifu kwa wingi wa majiko.

Siku moja dada yangu mkubwa, muuguzi wa Kyavinyonge, alipanda hadi nyumbani na kompyuta yake mgongoni, uso umekunjamana.

"Batu banakimbia, na siye tunabafwata. Unitengenezee saa za satelite."

"Za fasi gani, yaya?" Kwetu dada mkubwa ndiye yaya, na programu ilitaka mahali.

"Weye! Kwenye batalala, njo kwenye tutalala." Yaani watakapolala wakimbizi, ndipo watakapolala na wauguzi.

Mama alikuwa karibu nasi akichambua maharagwe. Mikono yake ilisimama. Bila barua hizo, tungejuaje kama mtoto wake yu hai?

Mchana ule nilifuta kwa furaha kuliko nilivyowahi kuandika. Nakala zote zilikuwa hesabu moja. Kilichotofautiana ni mahali, siku, na saa wanayofuata watu wa pale. Basi nikabakiza hesabu moja, na hayo matatu nikayageuza maswali. Nikamwonyesha yaya jinsi ya kusoma mahali kwenye ramani, nikamtilia programu katika kompyuta yake.

"Donc hata nikilala mu pori itanijibu?"

"Hata mu pori. Uiambie tu uko wapi, na saa yako ni ya Congo ao ya Uganda."

Akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Kesho yake akaondoka.

Kisha kimya. Kila setilaiti ilipokaribia, mama alikuja ofisini akijifanya ameniletea chakula. Nilinenepa kwa hofu yake. Hatimaye barua ikaingia, nikamsomea:

"Tuko bazima. Fasi hii hapana na jina. Programu imeuliza saa. Batu bote hapa bangali na ya Uganda, mais miye nimejibu ya Butembo, nijue mama anakula saa gani."

Mama akatazama saa ya ukutani, akafunua sufuria.

"Tukule sasa," akasema. "Na yeye njo anakula."