Nilimkataza Mama Kukata Bima kwa Jina la Katiba

Nimekosa. Nalitanguliza hilo ili usidhani nimekuja hapa kujitetea. Ila kosa langu silo lile ninalosemwa nalo pale Mwanjelwa, na kama umekuja kunisikia nikilia kwamba nilikuwa mjinga kuuliza maswali kuhusu bima ya afya, utaondoka mikono mitupu.

Mimi ni mwanaume wa makamo, nauza viatu vya mtumba Mwanjelwa, Mbeya mjini. Kwetu ni Kilolo, Iringa. Baba alishafariki. Mama bado yuko kulekule kwenye baridi na shamba lake la njegere na viazi. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kwetu baba akiondoka, neno la mtoto wa kwanza linakuwa zito kuliko linavyostahili. Hapo ndipo nilipoharibu.

Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipopita, soko zima likawa halina habari nyingine. Walikuja watu kutuelimisha, wakatueleza kwamba huko tunakokwenda kila raia atatakiwa awe na bima. Wenzangu waliuliza magonjwa gani yamo na watoto wanaingiaje. Mimi nikauliza serikali imepata wapi mamlaka ya kuniamuru ninunue kitu.

Sikuwa naropoka. Biashara ya viatu ina muda mwingi wa kukaa bila mteja, na Katiba nilikuwa nimeisoma. Ibara ya ishirini na nne inampa kila mtu haki ya kuwa na mali na kulindiwa mali yake. Nikasema kodi nalipa na ushuru nalipa, hivyo vinaingia kwenye mfuko wa nchi na Bunge linavijadili. Lakini kushikwa mkono nikanunue huduma ambayo sijaamua kuinunua, hilo ni jambo jingine, majaji walitazame.

Mama Asifiwe, jirani yangu anayeuza sufuria, akanipinga palepale. Akasema bodaboda zote zinalazimishwa kuwa na bima na hajasikia mtu kafungua kesi. Akasema Katiba hiyohiyo inataka mzee na mgonjwa wasaidiwe, sasa watasaidiwa na nini kama wazima hawataki kuchangia?

Hoja nzuri, na mpaka leo naiheshimu. Lakini jibu nilikuwa nalo.

"Bodaboda nikiichoka naiuza, na bima yake inaishia hapo," nikamwambia. "Mwili huu nitamuuzia nani?"

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Tangu siku hiyo nikawa mwanasheria wa soko. Mtu akitaka kubishana kuhusu bima analetwa kwangu. Nilivimba kichwa, ndugu yangu. Nikaanza kuongea kama vile nchi nzima inanisubiri mimi.

Sasa sikiliza.

Mama alinipigia simu baada ya kuuza njegere zake. Kina mama wa kwaya yao, pale usharikani, walikuwa wamekubaliana wakate bima kwa pamoja. Fedha alikuwa nayo mwenyewe, hakuniomba hata senti. Alitaka tu nimkubalie, kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Ningesema "sawa, mama" tungekuwa tumemaliza. Badala yake nikamhutubia. Nikamwambia mambo ya ibara, nikamwambia hakuna mtu wa kumlazimisha.

Akanijibu taratibu kwamba hakuna aliyemlazimisha, ni yeye mwenyewe anataka.

Umesikia hilo? Mimi sikulisikia! Nilichosikia ni kicheko cha Mwanjelwa nzima wakigundua kwamba mama wa yule mpinzani wa bima naye kajiunga. Nikamwambia akifanya hivyo ananiaibisha. Nikamwamuru ile fedha anunulie mabati ya jiko, lile la nyasi lilikuwa linavuja.

Akasema, "Haya, baba. Wewe ndiye mkubwa."

Mabati yakanunuliwa. Nilijisifu kwa mke wangu kwamba nimemwepusha mama na kupotezewa fedha.

Wenzake walijiunga. Walipopata kadi walikwenda hospitali ya misheni kupima afya, wamevaa vitenge vyao vya kwaya kama wanakwenda harusini. Huko rafiki yake mama, Mama Edina, akagundulika ana presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi. Unakula uwezo wa kuona taratibu kuanzia pembeni, na ulichokwisha kula haukirudishi. Yeye aliwahi, akapewa dawa ya matone, mpaka leo anasoma kitabu cha nyimbo bila shida.

Mama yangu siku hiyo alikuwa shambani anapalilia.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikwenda Kilolo na mke wangu wakati wa Krismasi. Nikamsalimia mama, "Kamwene," akaitikia vizuri, lakini uso wake ulielekea pembeni yangu kidogo, kana kwamba nyuma yangu amesimama mtu mwingine. Alipotumiminia chai, chai ikamwagika mezani karibu na kikombe. Akiingia ndani anagonga bega kwenye mwimo wa mlango. Mke wangu ndiye aliyeniambia tukiwa uani, "Mama haoni. Wewe huoni kwamba haoni?"

Tulimpeleka hospitali, na njiani ndipo nikasikia habari za Mama Edina na wenzake. Daktari, dada mmoja mpole, alimpima kwa muda mrefu. Akatuambia jicho la kulia limeshakufa na hakuna upasuaji wa kulirudisha. La kushoto limebakiza sehemu ndogo ya katikati, hiyo ndiyo ya kuilinda kwa dawa maisha yake yote. Akasema ugonjwa ni uleule wa wengi anaowaona, tofauti ni kwamba wengine wanawahi. Akauliza kwa nini tulichelewa.

Nikamgeukia mama, badala ya kujigeukia mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, kwani mimi ningeshindwa kumtibu? Wenzake walikwenda kupima, yeye akakaa. Ningelipa!

Hakunijibu mbele ya daktari. Mama yangu hawezi kumvunjia mtoto heshima mbele ya watu. Alisubiri tulipokaa kwenye benchi la nje.

"Ningekuwa na kichomi ningekuomba," akasema. "Jicho lisiloniuma ningekuomba nini? Mama Edina alikwenda kwa sababu kadi ni yake, hakumuuliza mtu."

Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. Halafu akasema lile ambalo silali nalo vizuri.

"Ulisema serikali isinilazimishe. Wewe je?"

Mimi, mwanasheria wa soko, kesi hiyo nilishindwa palepale.

Maana fikiria. Nilisimama mbele ya watu nikasema jasho la mtu asiliamulie mwingine. Zile njegere zililimwa na nani? Nani aliinama na jembe kwenye ule mteremko? Halafu nikapiga simu kutoka Mbeya nikamwamulia jasho lake, kwa sauti ya juu, na yeye hana mahakama ya kunishtaki!

Serikali angalau ilipeleka jambo bungeni likajadiliwa. Mimi sikujadili na mtu. Nilitoa amri, ikatekelezwa.

Leo mama hawezi kushuka shambani peke yake. Kwaya anaimba bado, nyimbo za zamani anazijua kwa moyo, ila wimbo mpya Mama Edina anamsomea mstari kwa mstari sikioni. Mama Edina nikimsalimia anaitikia, basi, hasogei zaidi ya hapo. Wadogo zangu hawaniulizi tena jambo lolote la nyumbani. Na mama amekwisha kukata bima. Hakuniuliza. Nilisikia kwa mdogo wangu, nikafurahi na nikaumia kwa pamoja.

Habari zikafika Mwanjelwa, habari hazina breki. Wakaja tena wale wa kuhamasisha bima, safari hii wakiwa wapole sana kwangu. Wakataka nisimame kwenye mkutano wao niwaambie watu kwamba nilikuwa nimepotoka, na kwamba kila anayehoji sheria ile atapata yaliyonipata mimi.

Nikakataa! Nikawaambia jicho la mama yangu si tangazo la mtu. Nilimkosea mama, na hilo nitalisema popote. Katiba sikuikosea. Kuuliza kama serikali inaweza kumlazimisha raia anunue bima si dhambi, na Katiba yenyewe inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda. Huenda majaji wakasema inaruhusiwa, kwa faida ya wote. Nitaheshimu. Huenda wakasema hapana. Lakini swali liulizwe, lijibiwe na wanaostahili kulijibu, lisizimwe kwa kuninyooshea mimi kidole.

Kwenye mkutano wetu wenyewe wa wafanyabiashara ndiko nilikosimama, nikaeleza yote, la mama na la Katiba, bila kupunguza. Baadhi walinizomea kwamba bado sijajifunza. Mmoja akasema nina roho ngumu. Mama Asifiwe alisubiri kelele zitulie.

"Nenda mahakamani," akaniambia. "Na mimi nitakuja kusimama upande wa pili."

Nikamwambia karibu sana. Natafuta wakili, na yeye simfichi hilo.

Kwa hiyo wewe unayesoma, hasa wewe uliye mkubwa wa nyumba, nakuonya. Siku mama yako au mkeo atakapokupigia kukuuliza jambo linalohusu mwili wake na fedha yake, usikimbilie kujibu. Muulize yeye anataka nini. Akishasema, umesikia, mwache afanye. Misimamo yako ya sokoni iache sokoni, huko wako watu wa kukujibu.

Na ukitaka kunichukia, nichukie kwa jicho la mama yangu, nastahili. Lakini swali langu kwa serikali liko palepale, na bado nasubiri jibu.