Mpaka wa Shamba la Mama

Asubuhi ile niliamka na haraka. Binti yangu hajawasha hata jiko, mimi nimeshafunga kanga ya pili, nimevaa raba, nimesimama mlangoni.

"Leo tunapanda mlimani," nikamwambia. "Leo nakuonyesha mipaka ya shamba la bibi yako!"

Alikuwa anachambua mchele. Akanitazama kitambo, akaweka ungo chini, akasema, "Sawa, mama. Ngoja nichukue sweta."

Nilitegemea ubishi. Huyu hunikatalia hata kwenda sokoni peke yangu, na nilishamwandalia maneno makali. Yakanibaki mdomoni.

Kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama. Lile la kwetu halina hati. Hati yake ni mdomo wa mwanamke aliyelilima. Anatembea juu ya mpaka na binti anayemrithi, anataja alama moja moja, majirani wa pande zote wamesimama wakisikia. Kati ya watoto wa kike wa mama nimebaki mimi tu. Nikisahau mimi, binti yangu hana shamba, ana mlima tu wa kuangalia akiwa mjini.

Na kusahau ndiyo kazi yangu siku hizi. Nina kifafa, ila si kile cha kuanguka. Mimi hukaa tu kwenye kiti, macho wazi, vidole vikichezea pindo la kanga, kisha narudi. Kilinianza nimeshapita miaka sitini. Nikirudi, sirudi na vyote. Mara inakosekana asubuhi moja, mara wiki nzima. Harusi ya mtoto wa kaka yangu nimeiona kwenye picha: nipo mstari wa mbele, nimevaa kitenge kizuri, nacheka, na sijui nilikuwa nacheka nini. Daktari alinieleza kwa kunichorea ubongo kwenye karatasi. Mtaani kwetu hawakuchora chochote, walisema nina mashetani. Nilimfukuza mmoja na chai yake hajaimaliza.

Basi tukapanda pikapu ya mboga iliyokuwa inarudi Mgeta tupu baada ya kushusha kabichi mjini. Nilikaa mbele na dereva nikapiga soga njia nzima. Kila kona niliijua! Baridi ilipoanza kuingia dirishani nikashusha kioo chote, dereva akalalamika, nikamwambia avumilie, ndiyo hewa niliyozaliwa nayo. Nilikuwa nimemwagiza binti yangu apige simu majirani wakusanyike. Alipiga gari liliposimama njiani, lakini alishuka kwanza, akaongea kwa sauti ya chini.

Shambani tulimkuta jirani mmoja tu, mama wa shamba la chini, jembe begani.

"Wengine wako wapi?" nikauliza, hata salamu sijamaliza.

"Wanalima, dada. Mimi nawatosha."

Iliniudhi, ila furaha ilikuwa kubwa kuliko hasira. Nikaanza. Jiwe jeusi ambalo mama alianikia maharage, nikalitaja kwa sauti. Kona ya kijito penye magimbi, nikaitaja. Nilikuwa natembea mbele yao kwenye mteremko ule bila kushikwa mkono, jasho linanitoka, najisikia msichana! Kisha tukafika kwenye migomba, nikafungua mdomo, na hapakuwa na kitu.

Nikasubiri. Nikaitazama migomba. Mpaka ungeweza kwenda juu, ungeweza kushuka. Nikajua mbele ya jirani huyu nimempotezea mwanangu shamba.

Binti yangu akasogea, akaweka mkono kwenye mgomba. "Mpaka unapita hapa, mama, halafu unashuka. Hapa bibi alizika kitovu chako, akapanda mgomba juu yake. Akakwambia usimwambie mtu hadi utakapokuwa na binti mkubwa."

Aliposema hivyo nikakumbuka, nikapandwa na hasira. Siri ile tuliijua wawili tu, na mwenzangu yuko kaburini. "Nani kakwambia?"

"Wewe, mama. Jumapili ya juzi. Tulikuja, majirani wote walisimama hapa. Ulitaja alama zote, hukukosa hata moja. Jumatatu ukapata kifafa."

Nikamgeukia jirani. Akatikisa kichwa kukubali. "Mwee, ulisema kwa sauti hadi ng'ambo ya bonde wakasikia. Na mimi ulinigombeza, eti nimelima hatua mbili ndani ya mpaka wenu. Nimeshazirudisha, dada, nenda kaangalie."

"Sasa kwa nini hukuniambia asubuhi?" nikamuuliza binti yangu.

"Ulivyokuwa umefurahi vile? Nisingeweza, mama."

Machozi yalinitoka, na kicheko kikaja hapo hapo. Nimemaliza! Mwezi mzima nimekuwa nikiogopa nitachelewa, kumbe kazi imekwisha, na nimeifanya vizuri, na jirani nimemgombeza juu! Nilimkumbatia mwanangu nikamtikisa hadi akaomba nimwachie.

"Basi tangulia," nikamwambia. "Nionyeshe iliyobaki."

Akatangulia, akitaja alama moja baada ya nyingine kwa maneno yangu mwenyewe, nami nikamfuata nyuma, nikiyasikia kwa mara ya kwanza.