Kupasua Chembe

Niliwahi kuamini kwamba kwa wembe mmoja na subira ya kutosha ningeweza kuilipua Tabora nzima. Cheka tu. Nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne.

Mwalimu wetu wa fizikia alituambia kila kitu kimeundwa kwa vyembe visivyoonekana, na chembe kikipasuliwa, mji unateketea. Hakusema kinapasuliwaje. Pengo hilo nililiziba mwenyewe: ukikata kitu nusu, kisha nusu ya nusu, mwisho utakifikia.

Wazazi walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa upande wa Usinge, mimi nikaachwa kulinda nyumba nikisubiri matokeo. Kulinda nyumba nilizaliwa nako. Hata sokoni nilikwenda kwa kusukumwa. Lakini nyumba ikikosa mtu wa kukutuma maji, inapanuka. Garimoshi la Kigoma likipiga honi, mimi naitika.

Basi siku moja nikachukua kipande cha nta, nikaanza kukikata juu ya sinia. Kilipobaki kama jicho la sisimizi, nikaingiwa na hofu. Nikatoka uani kumwonya jirani, mama mjane mshona kofia, aliyekuwa akitwanga upande wa pili wa ua wa mabua.

“Shikamoo mama. Ondoa kuku wako. Napasua chembe.”

“Marahaba. Chembe gani?”

“Chembe tu. Wembe ninao. Usije huku.”

Nikarudi ndani, nikafunga mlango. Sikukumbuka kwamba kwa asiyekaa darasani kwetu chembe ni kimoja tu: chembe cha moyo, hapo chini ya kidari.

Sijakaa vizuri, komeo likang’oka. Aliingia na mchi mkononi, kanga ya kichwani imebaki njiani, akaniamuru niweke wembe chini. Akanifungua shati, akanipapasa kifua akitafuta jeraha. Tangu wazazi waondoke hakuna aliyekuwa amenigusa. Nikaanza kumweleza habari za nta, nikaishia kulia juu ya sinia, mwanasayansi mzima.

Aliitazama nta. Akatazama sufuria moja, kikombe kimoja, kigoda kimoja. Akakikalia hicho kigoda, akaufunga wembe wangu katika pindo la kanga yake ya kiunoni.

“Miaka yote hiyo ya shule,” akasema, “hawakuwafundisha kusema ‘njoo tukae’? Mjinga wewe.”