Jiwe Jeupe la Kitanda cha Jitu

Dympna alizaa watoto watano, lakini akiulizwa husema wanne. Alikuwa mwanamke wa ng'ombe na maneno machache, na pale kijijini kwao, magharibi ya Ireland, hakuna aliyemsumbua kwa maswali.

Wa kwanza alikufa kabla padri hajafika na maji ya ubatizo. Enzi hizo mtoto asiyebatizwa hakupewa nafasi makaburini kwa kanisa. Ni Mungu gani angemfukuza kichanga, mimi sijui, lakini ndivyo walivyofundishwa, nao wakatii. Vichanga hao walipelekwa Kitanda cha Jitu, kaburi la watu wa kale lililoko juu kwenye malisho, mawe makubwa yaliyoinamiana, paa lake limeanguka zamani. Baba alikwenda peke yake jua likizama, boksi kwapani. Mama hakuruhusiwa kukanyaga pale, siku ile wala siku nyingine.

Mumewe, Colman, aliporudi alinawa mikono akasema tu, "Nimeweka jiwe jeupe."

Dympna akashikilia hilo. Maisha yake yote, akipeleka ng'ombe malishoni, alisimama nje ya ukuta uliozunguka kaburi lile, akalitafuta kwa macho lile jiwe jeupe lenye ukubwa wa mkate katikati ya mawe madogo ya watoto wa wenzake, akalisimulia habari za nyumbani.

Mwaka huu vijana wa kijiji waliunda kamati ya kutunza mambo ya kale. Walifyeka magugu, wakasimika kibao cha wageni. Enda, mwenyekiti wao, alimwona bibi akipita na ng'ombe wake, akamwita kwa furaha.

"Bibi Dympna, umeona palivyopendeza? Hata panya hana pa kujificha!"

"Na yale mawe madogo yako wapi?"

"Aa, takataka tu zile, bibi. Tumezirundika pale getini."

"Wale ni watoto, Enda. Mmezoa watoto wetu."

Kijana wa watu akageuka kulitazama lile rundo. Nani angemwambia? Wazee walikuwa wamefunga midomo kwa aibu miaka nenda rudi, na aibu yenyewe haikuwa yao.

Jiwe lake Dympna alilipata kwenye rundo. Mahali pake ndipo hakupajua, maana kutoka nje ya ukuta mawe yote makubwa ya kaburi yalifanana. Aliyepajua ni Colman peke yake, na Colman akili ilikuwa imemtoka. Siku hizi alimwita mkewe Nóra, jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufa.

Hata hivyo Dympna alimvisha koti, akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza akaingia ndani ya ukuta ule. Alinyata kama mwizi. Akampa jiwe.

"Uliliweka wapi, Colman?"

Mzee aliligeuzageuza. Akaenda kwenye jiwe moja kubwa, akarudi, akainama kuchungulia chini ya jingine, akapapasa nyasi. Machozi yakaanza kumtoka.

"Nóra," alinong'ona, "nimepasahau. Nakuomba dada yangu, usimwambie Dympna. Hajawahi kuniuliza, maskini. Akijua nimempoteza mtoto wake, atakufa."

Dympna alimpokea jiwe, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Sitamwambia, kaka," alisema.