Maji ya Mzee Keith

Bimkubwa alipotuambia sisi jirani zake anataka leseni ya kuendesha lori kubwa, wako waliocheka. Nakiri na mimi nilikuwemo. Mwanamke wa Tanga, mfupi, ushungi hadi mabegani, atafikia vipi usukani? Mumewe Zubeir hakucheka. Alisema, "Mama Muna akishasema, huyo keshafika."

Akafika. Huu ni mwaka wa saba anaendesha lori la maji. Akishaswali alfajiri hutoka Auburn, mtaa wetu huku ughaibuni, akalichukua lori Lidcombe, mtaa wa jirani, akavuka milima kwenda upande wa magharibi. Huko mashambani bomba la serikali halifiki. Watu hunywa mvua inayoteremka mapaani kwao na kuhifadhiwa kwenye matangi, na mvua ikikatika humpigia simu Bimkubwa.

Kiangazi kilichopita haikunyesha miezi minne. Siku moja ya Januari alikuwa akimpelekea maji Mzee Keith, mjane wa miaka themanini na mbili ambaye tangi lake lilikuwa limekauka kabisa. Mzee alikuwa akioga kwa kitambaa na ndoo. Lori lilibeba lita elfu kumi na tatu. Bimkubwa hajakunjua hata mpira, akaona moshi nyuma ya kilima, na upepo ukigeuka kuja kwao.

Wazima moto wa kujitolea wa kijiji walifika na gari lao. Wakapiga maji ukingoni mwa moto mpaka yakawaishia. Mkuu wao, mama mmoja aitwaye Shona, akakimbilia bwawa la ng'ombe. Lilikuwa tope tupu. Penginepo palipokuwa na maji ni mwendo wa dakika arobaini, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba nne.

Bimkubwa akamgeukia mzee.

"Maji haya ni yako, baba. Nimekuletea wewe. Unasemaje?"

Mzee Keith aliutazama ule moshi. "Wape," akasema. "Wape yote."

Shona alileta mpira wake, lakini viungio havikuoana na vya lori. Kimoja kinene, kingine chembamba. Vijana wakaanza kuhangaika na spana.

"Acheni hivyo!" Bimkubwa akapaza sauti. "Funueni mfuniko wa tangi lenu huko juu!"

Akarudisha lori nyuma hadi likakaribia kugusana na lao, akapanda ngazi na mpira begani, akauchomeka katika mdomo wa tangi lao kama mtu anayejaza pipa, kisha akashuka kuwasha pampu. Dakika chache likajaa. Wakaenda, wakarudi, akawajaza tena. Majivu yalimwangukia usoni, macho yakamwasha, na mara mbili Shona akamwambia aondoke, barabara bado iko wazi.

"Nikiondoka mimi, maji yanaondoka," alimjibu. "Leteni gari."

Mara nne aliwajazia. Jioni upepo ukalegea. Banda moja la majani makavu liliteketea, na ua wa jirani ukaungua, lakini nyumba zote nne zilisalia. Mzee Keith alikuwa ameketi kwenye ngazi za lori, kitambaa puani, anakohoa na kutabasamu. Tangi lake bado tupu. Kesho yake, siku yake ya mapumziko, Bimkubwa akamrudia na lori limejaa.

Haya hakutusimulia yeye. Tuliyajua mwezi wa nne, Shona alipomwomba awafundishe wazima moto na madereva wa malori ya maji wa wilaya ile namna ya kujaziana maji upesi. Zubeir akatuchukua sote kwenda kuona, na huko Shona akatusimulia.

Uwanjani walikuwepo wanaume kama thelathini, wengine ndevu zimewafika kifuani. Bimkubwa alisimama juu ya lori, shati la kazi la manjano, ushungi umefungwa barabara, akieleza kwa Kiingereza chake chenye lafudhi ya Tanga. Mmoja akakosea kuinamisha mpira. Akamrudisha aanze upya, mara ya pili, mara ya tatu. Hakuna aliyenung'unika.

Muna, binti yao, ambaye nyumbani ukimsemesha Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza, alisogea mbele kabisa ya wale wanaume. Mmoja wao alimuuliza Muna, yule mwalimu ni nani.

"Mama yangu," akajibu. Kwa Kiswahili. Kisha akamtafsiria.