Mimi ya Bosi

Juzi, Mabibo, nilikaa kwenye darasa la Kijapani la wanaoanza. Mwalimu, dada mpole, alieleza kwamba Wajapani wana maneno kadhaa ya kusema "mimi": "watashi" ni la adabu, "ore" ni la mwanaume anayejimwambafai. Ukishalitamka unaongeza "wa", kisha unajieleza.

Muuza magari mmoja alinyanyua funguo zake. "Sista, hilo la adabu waachie hawa wanafunzi. Mie ore wa bosi!"

Simu yake ikaita. "Mama mkwe," alinong'ona, akasimama na kuinama, mkono kifuani.

"Shikamoo mama. Ni mie mwanao. Ndiyo, mama. Nisamehe, mama. Nakuja sasa hivi."

Mwalimu alitugeukia. "Hiyo ndiyo watashi."

Sijawahi kuona bosi anayeelewa somo haraka vile.