Nilimsingizia Mama Mkwe Moshi wa Jiko

Nimekosa jamani, nimekosa! Niacheni niseme hapa, maana nyumbani hakuna tena wa kumwambia.

Tunaishi Ngokolo, hapa Shinyanga. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita, na kwa jasho lake alizifunika kuta za nje kwa mbao za plastiki nyeupe. Mtaa mzima ulikuja kushangaa! Lakini vumbi la huku mnalijua, haukupita muda nyeupe ikawa rangi ya udongo.

Siku hiyo akapiga simu kwamba anakuja na wenzake wa kazini. Nikamkimbilia shoga yangu, nimwite Mama Happy, anayeosha magari kwa mashine ya presha. Alitaka kazi nimpe yeye. Mimi na ubahili wangu nikaomba mashine tu, nioshe mwenyewe.

"Chukua, shoga," akasema. "Paka sabuni kuanzia juu, iache ikauke kabisa juani ili iule uchafu, ndiyo upige maji."

Nikafanya hivyo hivyo. Ole wangu! Ukuta ulipokauka, michirizi ya kahawia kutoka juu mpaka chini, kama nyumba imelia. Nikasugua, nikapiga maji tena, wapi! Na gari la mume wangu na wageni lilishafika Tinde, karibu kabisa na kwetu.

Nikampigia Mama Happy nikilia. Akanijibu, "Si useme ni moshi wa jiko la mama mkwe wako?"

Mama mkwe alikuwa akiishi nasi. Gesi hakuitaka, michembe yake, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliichemsha kwa kuni nje, karibu na ukuta. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema! Tena mbele ya wageni.

Mume wangu hakuuliza mara mbili. Alikwenda akayang'oa mafiga, kuni bado zinawaka. "Mama, unaniaibisha!"

Mama alinitazama mimi. Alishinda barazani akiniona ninavyoosha, kwa hiyo alijua kila kitu. "Sawa, mayu," akaniambia taratibu, akiniita mama kwa Kisukuma. Asubuhi akafunga khanga zake akarudi Kishapu.

Siku moja napita mtaa wa pili, namkuta Mama Happy anaosha nyumba kama yetu. Analowesha ukuta kwanza. Sabuni anaanzia chini kupanda juu, na kabla haijakauka anasuuza kuanzia juu kushuka. Ukuta unang'aa, hauna mchirizi hata mmoja!

"Mbona mimi uliniambia kinyume?"

Akacheka. "Ulitaka cha bure, shoga. Nilijua ukiharibu utaniita."

"Na mama mkwe?"

"Mdomo ulikuwa wangu au wako?"

Mtu niliyemzalisha kwa mikono yangu! Kumbe alishampigia mume wangu, akamfichulia uongo ule wa moshi kana kwamba niliutunga mimi, na mwishoni akaomba kazi. Akapewa!

Mimi na mume wangu tulikwenda Kishapu kuomba msamaha. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Turudi nyumbani, mama."

"Hapana, mayu. Kule mimi nachafua."

Ukuta sasa ni mweupe kabisa. Mume wangu akipata likizo anapitiliza kwa mama yake, kwangu anakuja siku ya mwisho kuchukua nguo.

Jamani, shoga akikufundisha vibaya kuosha ukuta, ukuta utaoshwa tena. Akikufundisha la kusema juu ya mama wa mwenzio, nakuomba, kata simu!